Ufunguo Ndani ya Soksi

"Lete hiyo karatasi!"

"Sileti!"

"Ratiba, lete karatasi kabla sijaung'oa huo mkono nikaondoka nao!"

"Ng'oa! Ng'oa na wa pili kabisa, Kaka, uwe nayo minne, pengine utabaki na mmoja usiovunjika!"

Hapo birika likapaa. Lilikuwa birika la bati, na bahati ya kila mtu chai ilikuwa imekwisha. Likampita Nyundo sikioni, likagonga ukuta, likarudi kwa hasira zake lenyewe na kuangusha saa. Saa ikafa papo hapo, saa tisa na dakika ishirini alasiri, na mpaka leo hakuna fundi aliyeweza kuifufua.

"Umenitupia birika?"

"Limeniponyoka."

"Limekuponyoka likaja moja kwa moja kwenye sikio langu?"

"Linakujua."

Hao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Nyundo ndiye mkubwa, mlinzi wa milango ya kumbi, kifua kama kabati la nguo, na mkono wake wa kulia siku hiyo ulikuwa kwenye plasta kutoka vidoleni hadi kiwiko. Ratiba ndiye mdogo, mwanamke wa miaka thelathini na minne, msimamizi wa ukumbi wa mikutano na mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Na mama yao, mshonaji, alikuwa kwenye cherehani palepale sebuleni akishona mashati ya sare, wala mguu wake haukusimama birika lilipopita juu ya kichwa chake.

"Mkivunja na kioo cha kabati," alisema Mama, pini zikiwa mdomoni, "nitawashona midomo ninyi wawili kwa mshono mmoja. Ule wa magunia."

Karatasi yenyewe ilikuwa ukurasa wa tisa wa mpango wa mkutano. Ratiba ameikumbatia kifuani, Nyundo anataka kuichoma moto. Na saa kumi kamili Profesa, yule mtahini wa Ratiba, angefika hapo nyumbani kuuchukua mpango wote. Karatasi hiyo ikimfikia, Ratiba huenda akaikosa shahada aliyoihangaikia miaka miwili. Isipomfikia, Nyundo kesho asubuhi anaripoti kituo cha polisi, na huenda asirudi.

Kwa hiyo hawakuwa wakigombania karatasi bure.

Mtu asiyemjua Ratiba atauliza, huyu alianzaje? Alianza na miaka tisa, kwenye bomba la mtaa. Pale bombani kila asubuhi palikuwa vita: ndoo zinaruka, nywele zinang'oka, mtu anaondoka na maji nusu na jino pungufu. Ratiba akachukua mkaa, akachora mistari chini, akagawa namba. Watu wakacheka. Dada mmoja mnene wa nyumba ya pili, aliyekuwa na mazoea ya kukanyaga wenzake, akavuka mstari. Ratiba akapanda juu ya jiwe, akamvika ndoo ya bati kichwani na kuigonga kwa mchi, ikakaa. Ikakaa kweli! Fundi bati alitumia mkasi mchana kutwa kuikata, na yule dada mpaka anaolewa alikuwa akiitwa Kofia. Tangu siku hiyo foleni ya bomba lile ilinyooka kama uzi, na yule mtoto akapata jina.

Alipokuwa na miaka ishirini akaajiriwa kubeba viti ukumbini. Akapanda, akawa msimamizi. Aliwahi kuolewa, ndiyo, mwaka mmoja na miezi miwili. Mume alimnyanyulia mkono mara moja tu. Jagi la kioo lilivunjikia kwenye paji la uso la mume huyo, na alipozinduka akakuta juu ya meza ratiba ya kuondoka kwake: saa mbili kufungasha, saa tatu na nusu kuaga, saa nne kamili gari. Aliifuata yote, hakuchelewa hata dakika.

Ndipo akajiunga na chuo. Usimamizi wa matukio, mkakati na uendeshaji, shahada ya uzamili, masomo ya jioni baada ya kazi. Mama alipoambiwa alisimamisha cherehani, na si jambo linalotokea kila mwaka.

"Miaka miwili kujifunza kupanga viti?"

"Si viti, Mama. Mkakati ni kujua umewaita watu kwa nini, na unataka watoke wakiwa vipi. Uendeshaji ni nani asimame wapi, ameshika nini, saa ngapi."

"Mimi nimeozesha wanne na kuzika watatu, wala sikuandika hata mstari. Shahada yangu iko wapi?"

Akakanyaga cherehani, yakaisha. Lakini kila alipopata mteja alimwambia, bila kuulizwa, kwamba binti yake anasomea uprofesa wa sherehe.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Kila mwanafunzi asimamie tukio la kweli, na mtahini kutoka nje ya chuo awe amekaa ndani akiandika. Wenzake walichagua maonyesho ya viatu na mashindano ya kwaya. Ratiba akachagua uchaguzi wa chama cha madereva wa malori. Mwenyewe, kwa hiari, akiwa na akili zake timamu!

Uchaguzi ule ulikuwa haushikiki. Mwaka wa kwanza walivunjana meno. Mwaka wa pili walivunja jukwaa. Mwaka wa tatu mwandishi wa kumbukumbu alitolewa dirishani, na dirisha lilikuwa limefungwa. Ratiba akaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango wake, kwa herufi nene: wanachama mia nne na themanini wapige kura, na wote watoke kwa miguu yao. Huo ndio ulikuwa mkakati. Mwalimu wake alipousoma alivua miwani.

Uendeshaji nao ulichukua kurasa kumi na tatu zilizobaki. Na humo ndimo mlimokuwa na nyoka.

Kwanza viti. Kitabu cha darasani kilisema viti vya plastiki vifungwe pamoja vinne vinne, kwa vikamba vile vya kubania nyaya, ili asipatikane wa kunyanyua kimoja na kumpigia mwenzake. Ratiba akafunga viti vyote kwa mkono wake, vidole vikatoka damu. Aliyeandika kitabu kile hakuwahi kuwaona madereva wa malori, watu wanaobeba tairi begani kama wewe unavyobeba taulo.

Pili milango. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa ufunguo mpaka kura zihesabiwe, kwa sababu miaka yote wasio wanachama walikuwa wakipenyea huko kupiga kura. Darasani walifundishwa hivi: ukilazimika kufunga mlango wa kutokea, mwenye ufunguo asimame hatua moja kutoka kwenye kitasa, asiende hata kukojoa. Ratiba alijua. Kwenye mpango wa kwanza mkuu wa mlango, yaani Nyundo, alisimama nyuma, na ukurasa wa tisa ukasema ufunguo anao mkuu wa mlango. Safi kabisa.

Siku mbili kabla ya uchaguzi akasikia kwamba fujo itaanzia mbele. Akamhamishia Nyundo mlango wa mbele, nyuma akaweka walinzi wa kukodi. Akabadilisha ukurasa wa nne. Ukurasa wa tisa akausahau.

Basi walinzi wa nyuma walisimama kwenye mlango wasio na ufunguo wake, na ufunguo ulikuwa mbele, ndani ya soksi ya kushoto ya Nyundo. Miaka ishirini Nyundo huweka funguo humo. Mfuko huchanika kwenye ugomvi, husema, lakini hajatokea mgomvi wa kumvua mwenzake kiatu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane na robo, kura zinahesabiwa. Mtu wa upande wa mwenyekiti wa zamani akasema sanduku la tatu lilikuwa zito hata kabla halijajazwa. Mtu wa upande wa mpinzani akamuuliza kama kilicho chepesi si kichwa chake. Akajibiwa kwa kichwa hichohicho, puani. Damu ikaruka safu mbili, ikamwangukia dereva aliyekuwa amelala, akaamka akimpiga aliye karibu bila kuuliza.

Hapo patashika, nguo kuchanika. Viti havikuruka kimoja kimoja, viliruka vinne vinne. Safu nzima inanyanyuliwa na watu wawili, inazungushwa kama panga boi la darini, inashusha watu sita kwa mkupuo. Mzee mmoja wa malori ya mafuta alitembea katikati ya ukumbi viti vinne vikiwa shingoni mwake, hajui pa kutokea, kila anayemgusa anaanguka. Meza ya wahesabu kura ilivunjwa miguu, na miguu ikagawanywa. Mpinzani alionekana akimpiga mwenyekiti kwa kipaza sauti, na kwa kuwa kilikuwa bado kimewashwa, kila pigo lilisikika mpaka barabarani.

Ratiba alikuwa jukwaani. Mpango alikuwa nao mkononi. Alipuliza filimbi kama ukurasa wa kumi na moja ulivyosema, na aliyekuwa karibu akampokonya filimbi na kuimeza. Ndivyo wanavyosimulia, na hospitalini wanasema alipumua kwa mluzi siku mbili.

Wasiotaka ugomvi, na ndio waliokuwa wengi, wakakimbilia mlango wa nyuma. Umefungwa. Waliotangulia wakageuka, waliofuata wakasukuma. Ratiba aliiona kutoka jukwaani: watu mia na zaidi wakibanwa kama nguo kwenye sanduku, mikono juu, midomo wazi. Mke wa fundi matairi, aliyekuja kwa ajili ya kuuza maji tu, alikuwa wa kwanza kwenye kitasa. Mbavu tatu. "Sikupata hewa, mwanangu," alimwambia Ratiba baadaye akiwa kitandani. "Niliona mlango, nikaushika, halafu sikupata hewa."

Nyundo aliposikia kelele za nyuma alielewa mara moja. Akajipapasa soksi. Kati yake na mlango ule kulikuwa na hatua sitini na vita nzima. Alikwenda. Hakuomba njia. Aliweka wa kwanza chini kwa kushoto, wa pili kwa kulia, wa tatu akamtumia kuwasukumia wa nne na wa tano. Alipofika katikati, kijibwana chembamba chenye tai kikasimama mbele yake, kimenyanyua karatasi juu kwa mikono miwili.

"Bwana! Ukurasa wa nne! Mkuu wa mlango haondoki mbele!"

Ngumi ile iliingia taya la kulia, mlio ukatokea kushoto. Ndiyo iliyouvunja mkono wa Nyundo, na ndiyo iliyomvunja taya Profesa, mtahini kutoka nje, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma akiandika kimyakimya. Nyundo hakujua. Alimruka, akafika mlangoni, akavua kiatu, akafungua kwa mkono wa kushoto, na watu wakamwagika nje wakiwa hai wote.

Majeruhi kumi na saba, kaburi hakuna hata moja.

Sasa polisi wana maelezo ya Profesa, ameyaandika kwa kalamu maana taya limefungwa kwa waya: mlinzi mmoja, kinyume cha mpango, aliacha kituo chake na kupiga watu ovyo. Profesa alikuwa na muhtasari tu, kurasa sita za mwanzo, ule wanaogawiwa wageni mlangoni. Hajauona ukurasa wa tisa. Mpango mzima huambatanishwa na ripoti, na ameandika ujumbe kwamba atapita kuuchukua yeye mwenyewe Alhamisi, ili ausome kabla hajawaambia polisi kama anaendelea na kesi.

Na Alhamisi yenyewe ndiyo hii.

Asubuhi ya siku hiyo Ratiba alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya toka azaliwe. Aliandika ukurasa wa tisa upya. Ufunguo wa mlango wa nyuma: kampuni ya ulinzi. Mstari mmoja tu, na mpango ukawa safi kama sahani. Kosa likawa la walinzi wa kukodi waliopoteza ufunguo, na la kaka aliyeacha mlango wake. Akauchapisha, akauweka kwenye jalada. Ule wa kwanza akauficha chini ya godoro.

Nyundo aliukuta wakati akitafuta dawa zake za maumivu, kwa sababu katika nyumba ile kila kitu kikipotea huwa chini ya godoro la Ratiba. Akakaa kitandani, akasoma ule wa godoroni, midomo ikicheza. Akaenda kwenye jalada akasoma ule mpya. Ratiba akasimama mlangoni akisubiri kipigo. Alikitaka, kusema kweli. Alishaandaa na shavu.

"Huu mpya umeandikwa vizuri," alisema Nyundo. "Umpe huu. Huo wa zamani lete nikauchome."

Ratiba amepigwa mengi maishani, lakini hakuna lililomwingia kama hilo. Akaupora ukurasa wa zamani, na ndivyo mambo yalivyofika kwenye birika.

"Nisikilize," alisema Nyundo, sasa akimzunguka mezani. "Mimi nimekaa nje ya milango miaka ishirini. Wakinifungia ndani ya mmoja sitakufa."

"Utakufa kwa ujinga kabla hujafika."

"Katika nyumba hii ni jina lako tu litakaloitwa kwa kipaza sauti. La kwangu huitwa na polisi."

"Basi waite langu nikiwa nimekuuza?"

"Hujaniuza. Nimejitoa!"

"Watu kumi na saba, Kaka! Kwa mstari mmoja nilioacha! Nikiuficha leo, mwakani nitafunga mlango mwingine, na wewe hutakuwepo na soksi yako!"

Nyundo akauruka ugomvi wa maneno, akairuka na meza. Wakaanguka chini wote wawili, kiti kikafuata, pasi ya Mama ikayumba juu ya ubao wake. Ratiba akamng'ata bega. Nyundo akanguruma, akamshika kisigino, akamburuta kwenye zulia kama gunia, na mkono wa plasta ukatua kwenye kabati. Kioo, cha-a-ang'!

Cherehani ikanyamaza.

Mama akainuka na rula yake ya mbao, ile ya kupimia vitambaa, urefu wa mita moja. Wa kwanza Nyundo, mgongoni. Wa pili Ratiba, makalioni. Akawarudia tena wote wawili bila upendeleo, kwa mapigo ya sindano, ta-ta-ta, mpaka rula ikakatika vipande viwili. Akaendelea na kipande kirefu.

"Sina mtoto wa kutoa!" alisema, na kila neno likaja na fimbo yake. "Sina wa kupeleka jela, sina wa kupeleka uongo! Nani aliandika ukurasa huo?"

"Mimi," alisema Ratiba.

"Nani alifungua mlango?"

"Mimi," alisema Nyundo.

"Basi ndivyo ilivyo, mnapigania nini?"

Nyundo akaona anashindwa. Akatupa mkono wa kushoto, akaunyakua ukurasa wa zamani. Kiberiti kilikuwa kimelowa kwenye masalio ya chai. Akatazama dirisha, akatazama mlango, akamtazama mdogo wake. Akaukunja ukurasa wa tisa, akautia mdomoni, akaanza kutafuna.

"Anakula!" alipiga kelele Ratiba. "Mama, anakula mpango!"

Mama akamkalia miguu. Ratiba akamkalia kifua, akambana pua kwa vidole viwili, akangoja. Nyundo akawa mwekundu wa macho, akawa wa zambarau, mishipa ya shingo ikasimama kama kamba za hema. Mtu mwenye kifua kile anaweza kukaa bila hewa muda wa kupika maharage. Lakini Ratiba alikuwa na subira ya foleni.

"Huyo mama mlangoni alikaa hivi, Kaka," alimwambia taratibu, machozi yakimdondokea Nyundo usoni. "Hivi hivi. Tema."

Nyundo akatema. Ukatoka ukurasa, na jino la pembeni lililokuwa limelegezwa na madereva, na damu kidogo.

Mama akalichukua jino akaliweka kwenye kopo la vifungo. Ratiba akaukunjua ukurasa juu ya ubao, akachukua pasi iliyokuwa bado moto, akapitisha juu yake polepole, upande huu, na upande wa pili. Mvuke ukapanda. Alama za meno zilibaki kwenye pembe, na tone moja la damu, lakini mstari ulisomeka vizuri sana: ufunguo wa mlango wa nyuma, mkuu wa mlango.

Ule mpya akampa Mama. Mama akaupima kwa macho, akachukua mkasi, akaukata kuwa kipimo cha kola ya shati.

Nyundo alikuwa bado chini, anapumua kama lori mlimani. Alipomwona Ratiba akifungua jalada mezani na kuuweka ukurasa ulioliwa mahali pake, kati ya wa nane na wa kumi, akajiinua kwa kiwiko kizima.

"Ratiba," alisema, na upepo ukapita kwenye pengo jipya. "Ukimpa yule mtu hiyo karatasi, wallahi, mimi na wewe si ndu..."

Mlango ukasukumwa. Haukuwa na ufunguo. Tangu Jumamosi ile Ratiba hafungi tena mlango wowote. Profesa akasimama kizingitini, tai imenyooka, taya limefungwa bandeji mpaka utosini, akatazama kioo kilichopasuka, na rula iliyokatika, na Nyundo sakafuni na damu mdomoni, na pasi mkononi mwa mwanafunzi wake. Kisha akatazama jalada lililo wazi mezani, na ukurasa uliokuwa bado unatoa mvuke.